Sahani ya Deo

Jumanne jioni, Ngara

Lile jina nililikosea tangu mwanzo. Kazi yangu ni kusoma sentensi zinazowasha sehemu moja ndani ya modeli ya lugha, yaani mashine iliyojifunza kutokana na maandishi ya watu, kisha kuipa sehemu hiyo jina. Hii niliiita "kumngoja mgeni". Nikaijaribu: "Baba anarudi Ijumaa kwa basi la Biharamulo." Haikuwaka hata kidogo.

Nikazisoma upya zinazoiwasha. Zinataja sahani, kitanda, mlango usiofungwa. Hakuna hata moja inayotaja siku. Na nilipofuatilia kila sentensi hadi mwisho wa habari ilimotoka, anayengojwa alikuwa ameshakufa.

Ningeweza kuishia hapo. Badala yake nikaandika maneno ya mama ya kila jioni, kuhusu kaka yangu aliyekwenda machimboni mwaka juzi: "Mwekeeni Deo ndizi zake." Ikawaka kuliko kwa sentensi zote.

Mashine haimjui Deo. Inajua tu watu wanavyosema. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Mwanzoni mama alikuwa anataja siku: Deo atarudi Krismasi.

Sasa hivi ameniita kutoka jikoni nimpelekee sahani ya Deo. Nimemuuliza, "Anakuja lini, mama?"

Nasikia anazifunika ndizi za Deo zisipoe.