Mashimo ya Bi Tausi

Jumatano, mwanzo wa masika, 1971

Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika. Tangu hapo jua ni kali.

Bwana Shamba amekuja kukagua. Serikali inatoa ruzuku kwa kila mkulima anayepanda mikorosho mipya. Anayelima mihogo tu hapati kitu. Kwa kuwa mimi ndiye karani wa kijiji, nilimfuata shamba kwa shamba nikiandika majina.

Tukafika kwa Bi Tausi, mjane aliyekuja kutoka Ubena pamoja na marehemu mumewe. Analima shamba langu, lililo njiani kwenda Mbegani. Baba yangu ndiye aliyewakaribisha, kwa sharti linalojulikana huku kwetu: limeni mihogo, limeni mbaazi, mti msipande. Mihogo hung'olewa. Aliyepanda mti amekwisha kukaa, yeye na watoto wake baada yake.

Wiki mbili zilizopita alikuja barazani kwangu kuomba ruhusa ya kupanda mikorosho. Nilimjibu kwamba nitafikiri.

Sikufikiri. Nilinyamaza tu, nikitumaini kwamba msimu utapita.

Leo tumekuta mashimo. Mistari imenyooka, nafasi ni sawasawa, kila shimo limechimbwa kama Bwana Shamba alivyofundisha. Na yote ni matupu. Mbegu alikuwa nazo, amezifunga katika pindo la kanga yake.

Bwana Shamba, kijana mgeni kutoka bara, alitabasamu. "Mama, serikali hailipi mashimo."

Jirani yangu Mzee Kombo, ambaye halimpiti jambo bila kutia neno, akadakia kwamba labda mama anatega nguruwe. Watu wakacheka.

Bi Tausi hakucheka, wala hakunitazama. Alisema, "Kuchimba sikukatazwa. Kupanda nangoja kauli ya mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, kalamu mkononi.

Bwana Shamba hakuuliza ni nani. Alisema kwamba atapita tena kesho asubuhi, mara ya mwisho, kisha tukaondoka.

Nimefundisha shule miaka mingi. Mtoto aliyeulizwa akanyamaza nilimsimamisha mpaka ajibu. Na shamba lile sijalitia jembe tangu baba afariki. Mwanangu Omari, aliyeko Dar es Salaam, aliniandikia kwamba nisithubutu kumruhusu Bi Tausi; akipanda, ardhi imekwenda. Ni kweli. Lakini Omari hajui hata mipaka yake iko wapi.

Baada ya sala ya alasiri nilimchukua Mzee Kombo awe shahidi, maana kauli ya ardhi isiyo na shahidi haishiki. Tulimkuta Bi Tausi anamenya mihogo. Akaniamkia, nami nikaitikia, kisha nikamwambia apande.

"Na miti itakuwa ya nani, Maalim?"

"Yako, na ya wanao."

Hakushukuru. Aliweka kisu chini, akafuta mikono.

"Niwie radhi, Maalim, rudia. Mzee Kombo hasikii vizuri."

Nikarudia, kwa sauti ya darasani.

Tulipoondoka, Mzee Kombo alinung'unika njia nzima kwamba masikio yake hayana kasoro.

Sasa imebaki barua ya Omari. Nimekwisha kuandika salamu, na kalamu imesimama hapo. Nianze na lipi: kwamba nimetoa ardhi ya babu yake, au kwamba nimechelewa wiki mbili kuitoa?