Hakuna Aliyeleta Unga

Guangzhou, Jumanne, 11 Machi

Tangu jana sijala kitu, na leo jioni ndipo nimeelewa kwa nini. Nilikuwa nangoja mtu abishe hodi na chakula.

Kwetu Ikinga mfiwa hapiki. Majirani wanaleta unga, maharage na kuni, na wao ndio wanaosonga ugali. Lakini hapa sijamwambia mtu yeyote kwamba mama amefariki. Asubuhi mpangaji wa chumba cha pili alinisalimia kwenye lifti, nikatabasamu.

Kaka Ambakisye alipiga simu saa moja jioni, kwao saa nane mchana. Walikuwa ndio wanatoka makaburini.

"Nani anakupikia huko, mdogo wangu?"

"Majirani," nikasema.

"Afadhali. Tulikuwa na wasiwasi na wewe."

Mwezi uliopita nilimtumia mama picha ya miguu ya kuku niliyokula sokoni. Akanipigia, akacheka hadi akakohoa. "We Neema, hata na kucha zake? Rudi nyumbani nikupikie, huko watakulisha mpaka vyura." Nilimwambia nitakuja Desemba.

Jioni hii nimewasha jiko mwenyewe. Unga wa mahindi wa hapa ni wa njano na haushikani vizuri, nikausonga kwa upawa wa wali. Nimekula nimesimama. Nilikuwa na njaa kweli.

Kilichoniuma ni ule upawa mkononi. Mtu wa kwetu angenikuta pale jikoni, angejua sijafiwa.