Usiweke Dole Gumba kwenye Karatasi ya Ukumbi

Dada Kemi, shikamoo. Magoti yanasemaje? Na ule mgomba ulioinamia jiko umeukata au bado unauonea huruma? Mimi huku Dar mzima, nanenepa kwa chai ya watu. Barua hii nampa dereva wa basi la Kayanga. Simu sipigi, maana simu yako inapokelewa na katibu wa kikundi chenu cha ngoma, na yule ni mtu wa bosi wangu.

Basi nikupe umbea. Juzi wafadhili wamekuja hapa ofisini kwenye asasi ninapochemsha chai. Waitu, jamani, hizo sambusa! Bosi kajivika shanga kama bibi harusi, anawaonyesha picha ya ukumbi wetu wa ngoma hapo Mabira. Yeye kasimama mlangoni, kifua mbele. Wewe uko nyuma na jiwe kichwani, chini wameandika "mwanakijiji". Mama mmoja mfadhili akauliza kwa Kiswahili chake, "Kiwanja cha nani?" Bosi akajibu, "Cha asasi yetu. Tulikuta pori."

Pori! Shamba lako, kibanja alichokuachia baba! Wanawake wamebeba mawe, wamewapikia mafundi ndizi na maharage, yeye alikuja siku moja tu, ya kupigwa picha. Nikasema na chupa ya chai mkononi, "Bosi, si kwa dada yangu pale?" Akacheka, "Mama Chai naye kaanza!" Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, dada. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Walipoondoka nikamsikia anamtuma karani wake: wiki ijayo aje kwako na karatasi, akwambie ni ya shukrani, uweke dole gumba. Mwongo! Ni ya kumwachia kibanja, maana wafadhili wamesema hawatoi tena pesa mpaka asasi iwe na hati ya kiwanja.

Usiweke. Na ile milamula, miti ya alama ya mpakani uliyoing'oa mwenyewe ili wachezaji wapate nafasi, ipande tena upesi, mwenyekiti wa kitongoji na majirani wakiona. Ngoma zipigwe, watu wacheze, lakini mpaka uonekane.

Nisalimie mama mdogo, mjomba mpiga ngoma, na shangazi wa Nyakahanga, mwambie kanga yake ninayo. Kazi hii labda nitaipoteza, niwekee kitanda. Karani akikuuliza nani kakwambia, usinifiche. Mwambie ni Mama Chai.

Ndimi mdogo wako,
Koku