Kiti cha Kushoto

Jumamosi, 4 Mei

Paneli ya taa imekwisha! Swichi kumi na moja, zote zinaitika kwenye ndege ya kuigiza iliyo ndani ya kompyuta. Fundi redio hakuamini — anasema hajawahi kuona mwandishi wa magazeti akishika pasi ya kulehemu bila kuunguza meza. Nimeunguza. Nimefunika kwa kamusi.

Kila paneli ni sanduku lake: ubao, skrubu nne, waya mmoja. Ikileta ukorofi unang'oa hiyo tu, nyingine zinaendelea na kazi. Laiti serikali zingeundwa hivi!

Kaka hajui kitu. Miezi saba tangu kiharusi. Rubani mzima, sasa anashinda mbele ya TV iliyozimwa. Juzi amekataa hata kunyolewa ndevu. Daktari kasema mkono wa kulia ndiyo basi, azoee. Nimembishia daktari. Wifi naye anasema niache, nitamtonesha. Nimembishia na wifi. Mtu hawezi kuzoea kukaa bure! Nitamrudisha kwenye chumba cha rubani, hata kama ni cha mbao na kiko kwenye chumba chao cha kupigia pasi.

Jumanne, 7 Mei

Leo nyenzo mbili za injini, zile anazosukuma rubani ndege ipate nguvu. Vipimo nimevitoa kwenye kitabu cha mwongozo, milimita kwa milimita. Zimekaa sawasawa. Ila zinalegea kama meno ya mtoto. Nimetia kipande cha mpira wa tairi ndani. Sasa zinasukumika kwa tabu.

Zinatakiwa ziwe nzito kiasi gani? Kurasa mia tatu, na hakuna aliyeandika! Urefu upo, rangi ipo, uzito mkononi haupo. Nani aliandika kitabu hiki, mtu asiye na mikono?

Jumatano, 8 Mei

Nimepunguza mpira nusu. Bado si sawa. Wifi: "Si umuulize mwenyewe?" Siwezi, itaharibu siri. Mhariri anataka makala ya ushuru. Asubiri.

Jumapili, 12 Mei

Vibaya. Vibaya sana.

Nilimwita kaka aone. Alikuja kwa fimbo, akasimama mlangoni, akacheka. Wifi alishika mdomo. Hajamsikia akicheka tangu mwaka jana. Akakaa. Akagusa swichi moja moja kwa mkono wa kushoto. "Hii ya taa za kutua umeigeuza kichwa chini." Kweli nimeigeuza!

Kisha nyenzo. Ziko kulia kwake, kama zilivyo kwenye ndege. Mkono wa kulia umelala pajani. Akaachia usukani, akavusha wa kushoto kifuani ili azifikie — na ndege kwenye skrini ikalala ubavu, ikaenda chini.

Akainuka. "Asante, mdogo wangu. Vitu hivi mpe fundi."

Nilipima kila kitu, kasoro yeye.

Nikaruka na bisibisi: skrubu nne tu, kaka, nazihamishia kushoto sasa hivi! "Ndege gani hiyo? Ya sarakasi?" Ndege yako! "Yangu haikuwa hivyo." Tulipayuka hadi wifi akafunga madirisha.

Alhamisi, 16 Mei

Siku nne hatusemeshani. Makala ya ushuru sijaigusa. Swali moja limenikaa kichwani: yule wa pembeni, rubani msaidizi, yeye anashika nini?

Nimefungua mwongozo tena. Mjinga mimi! Nyenzo ziko katikati ya viti viwili. Wa kushoto anazishika kwa mkono wa kulia. Wa kulia anazishika kwa mkono wa KUSHOTO. Hakuna cha kuhamisha. Kinachokosekana ni kiti cha pili, na usukani wake.

Nikampigia simu. Nikamweleza kiti cha pili.

"Hicho ni kiti cha msaidizi."

Najua.

"Mimi nimekaa kushoto miaka kumi na tisa."

Najua, na sasa unakaa mbele ya TV iliyozimwa.

Akanikatia. Mdomo huu umenifukuzisha kazi mara mbili, leo umenipokonya ndugu.

Baada ya saa moja, wifi kwenye simu: eti kaka anauliza usukani wa pili utakuwa tayari lini. Kisha akashusha sauti: "Na kushoto atakaa nani?"

Nikakimbilia kwa fundi redio kutafuta usukani wa pili.

Jumamosi, 18 Mei

Amenyoa ndevu.

Amekaa kulia, kwenye kiti kipya. Mkono wa kushoto ukaenda kwenye nyenzo wenyewe, hata hakutazama. Akasukuma, akarudisha. "Nyepesi. Toa wasiwasi, ongeza mpira." Nikaongeza. "Bado." Nikaongeza tena. "Hapo." Kumbe uzito ule ulikuwa umeandikwa kiganjani mwake muda wote!

Kisha akatazama kiti kitupu. "Haturuki bila kapteni. Kaa."

Mimi? Sijui kitu!

"Umewahi kukosa la kusema, wewe? Kaa!" Wifi anacheka mpaka anajifuta machozi.

Basi nimekaa. Naandika daftari likiwa pajani. Amenisomea orodha ya ukaguzi wa kabla ya kuruka, nimeitikia kila kipengele. Injini zinanguruma kwenye spika. Anauliza naandika nini. Kumbukumbu, nimemwambia.

"Kapteni haandiki. Kapteni anatoa amri. Nasubiri."

Amri yenyewe ya kuruka ni neno gani? Mwongozo mzima nimesoma vipimo tu. Mkono wake haubanduki kwenye nyenzo, na ananitazama mimi.