Kamba ya Mgomba Niliyoikata

Nyumbani kwa Leokadia, Uswidi

Mama Jeneroza, mkwe wangu,

Marahaba. Najua hujanisalimia, na tangu ulipombeba mtoto mgongoni ukarudi kwenu Bugomora hujanisalimia hata mara moja, lakini mimi naitikia kabisa ili tusipotezeane muda. Mmeamkaje huko? Mdogo ameota meno? Baba yako mguu umemwachia, au bado anaufunga kitambaa na kusingizia baridi? Sisi hapa ni wazima. Jeneroza wako anakula, amerefuka, magauni uliyomshonea sasa ni blauzi.

Naandika kwa mkono wangu. Darasa la nne letu lilitufundisha kuandika, si kubonyeza. Wifi yako Leokadia ameniuliza, "Mama, kwa nini usimpigie simu?" Nikamwambia simu yako, Konsolata, huwekwa sauti kubwa, nyumba nzima inasikiliza, na haya ni maneno ya macho mawili. Kwa hiyo kaa chini, usome peke yako. Ukifika mahali pa kukasirika usikunje karatasi, endelea.

Nchi hii, msimu huu, jua linazama saa tisa alasiri. Saa tisa! Nyumbani Kanoni saa hiyo ndiyo kwanza nageuza kahawa kwenye jamvi na kufukuza kuku. Huku watu wanawasha taa na kuvaa makoti kama wanahama. Nakaa dirishani natafuta harufu, sipati. Theluji haina harufu. Natamani kibanja chetu mvua ikikatika, yale majani ya migomba yanayooza chini, moshi wa jikoni, ndizi zikifunuliwa kwenye majani yake na mvuke unakupiga usoni. Nilimwomba Leokadia ndizi za kupika. Akaniletea tatu, kwenye mfuko. Nikamuuliza kama kuna mgonjwa ndani ya nyumba.

Sasa habari yenyewe. Unakumbuka nilivyosimama kanisani nikatangaza kwamba Jeneroza anakwenda kupandiwa macho mapya, na katekista akatuombea. Hata wewe ulipotoa damu yako ipimwe kwa ajili ya safari hii ulijua hivyo, maana mimi ndiye niliyekutumia ujumbe. Sivyo. Nilielewa vibaya, na wa kulaumiwa ni masikio yangu.

Walichofanya ni hiki. Walimkata Jeneroza kipande cha ngozi ya mkono, kidogo kama punje ya ulezi, na mimi vilevile. Ngozi hiyo wanailea kwenye maji yao mpaka inasahau kwamba ilikuwa ngozi, inarudi kama mtoto wa tumboni ambaye bado hajawa mkono wala mguu. Wanaziita seli shina. Neno hilo nililipenda, maana shina nalijua, nimeishi nalo. Halafu wanazielekeza taratibu, miezi kwa miezi, mpaka zinakuwa lile pazia la nyuma ya jicho, ambalo ndilo linaloona. Niliinama kwenye darubini yao nikaona vitu viduara vimekaa kama mayai ya chura.

"Hili ni jicho la mjukuu wangu?"

Daktari ni binti mrefu, mpole. Akasema, "Ni pazia la jicho lake, bibi."

"Basi mrudishieni."

Akamtazama Leokadia anayetafsiri, akanitazama mimi. "Si la kumpandia, bibi. Hili linaugua kama macho yake yanavyougua. Tunataka kuona ugonjwa unavyoanza, na dawa tuzijaribu kwanza hapa, si kwake."

"Yaani mnaufuga ugonjwa?"

Leokadia akainama, hataki kutafsiri. Nikamwambia tafsiri, sikukuzaa bubu. Daktari akacheka. "Ndiyo, bibi. Tunaufuga."

"Na dawa lini?"

"Sijui. Labda Jeneroza atakuwa mama mzima. Labda itawafaa wengine. Sitaki kukudanganya."

Nilimheshimu kwa jibu hilo, na nilimkasirikia. Kwenye treni Jeneroza akanishika mkono.

"Bibi, mimi nilijua. Walinieleza tangu siku ya kwanza. Wewe ulikuwa umesinzia."

"Mbona hukuniamsha?"

"Ulipoamka ulikuwa umefurahi."

Huyo ndiye mtoto uliyemzaa.

Sasa fika kwenye ubaya wangu. Siku ile ya kwanza, kabla sijasinzia, daktari alichora ukoo. Mwanamke duara, mwanamume mraba, na asiyeona giza likiingia wanamjaza wino. Akaniuliza, "Upande wako, bibi, kuna mtu wa namna hiyo?" Nikajibu, "Hakuna. Kwetu tuna macho ya mwewe. Waulizeni kwao mama yake, waliotoka Rwanda." Leokadia akatafsiri, wakaandika.

Majibu yalipokuja, daktari akatukalisha. Akasema ugonjwa huu mmoja hauletwi na upande mmoja. Mtoto aupate lazima apewe kasoro mbili, ya baba na ya mama, na mwenye moja tu haumii, wala hajui kwamba anayo. Moja ya Jeneroza imetoka kwako. Nyingine imetoka kwa mwanangu Evodius, naye ameitoa kwangu. Wameiona kwenye ngozi yangu. Mdomo ulikataa, ngozi imesema.

Na mdomo ulikuwa unajua, Konsolata. Hapo ndipo penye aibu.

Nilikuwa na dada, Paskazia. Hukumsikia akitajwa kwa sababu sikumtaja. Mchana alikuwa mtu kamili, anapalilia kunipita, anajua kwa pua tu ndizi ipi imeiva kibanjani. Jua likishuka, basi, anajigonga hata mlangoni. Mama alisuka kamba ya magome ya mgomba, akaifunga toka nyumbani hadi jikoni na toka jikoni hadi chooni. Paskazia aliishika kwa vidole viwili tu, anaimba, anapita na chungu kichwani. Wakati wa senene alikuwa wa kwanza kuwasikia wakitua, anatuita sisi wenye macho tukaokote. Nikikumbuka nyumbani siku hizi simkumbuki mama wala baba, namkumbuka yeye amesimama uani ameshika kamba, ananiambia, "We Anastazia, njoo unichambulie mbawa hizi, mvivu wee."

Wakaja washenga kuniposa mimi. Mama aliiviringisha ile kamba akaitia motoni, Paskazia akapelekwa kwa shangazi huko Rugu wasimwone. Nikaolewa. Yeye alibaki Rugu mpaka uzee, hakuna aliyemfungia kamba, ikawa saa kumi na moja jioni ameshaketi kitandani. Nilimtembelea mchana tu. Mume wangu amekufa bila kujua kwamba nilikuwa na dada.

Kwa hiyo siku niliporudi toka shambani nikakuta umemfungia Jeneroza kamba ya mgomba toka mlango wa nyuma hadi jikoni, hakuna aliyekufundisha, umeiwaza mwenyewe, unafikiri niliona nini? Nilimwona Paskazia. Nikachukua kisu cha kumenyea ndizi nikaikata vipande, nikakuambia, "Hilo giza mmekuja nalo." Maneno hayo nayakumbuka yote. Nawe asubuhi ukaondoka. Jeneroza alipouliza kamba iko wapi, sikumjibu, akaamini umeondoka nayo. Nikamwacha aamini.

Nimemwambia. Nilimwambia Jumapili tukila. Akauliza, "Uliitupa wapi?" Nikasema niliichoma. Hakunisalimia siku mbili. Siku ya tatu akasema shikamoo, lakini ya haraka.

Kisha nikarudi kwa daktari. Nikamwambia, "Lete ule mchoro. Kando yangu weka duara jingine, ulijaze wino, uandike Paskazia." Akasema majina hawaandiki, wanaandika namba. Nikamwambia basi mpe namba nzuri. Nikamwomba pia anirudishie ngozi yangu wakimaliza, nizikwe Kanoni na mwili wangu wote. Akasema wanaihifadhi kwenye baridi kali, itawasaidia kulinganisha, maana yangu ina kasoro moja na ya Jeneroza mbili. Nimewaachia. Itabaki kwenye baridi hii, mimi narudi. Angalau mmoja wetu ataizoea.

Macho mapya hatuji nayo. Hilo nitalitangaza mwenyewe kanisani, pale pale niliposema uongo, na la Paskazia nitalisema. Ninachotaka kwako ni urudi Kanoni kabla hatujafika. Evodius hakukufukuza, nilikufukuza mimi. Yeye alinyamaza, na kwa kunyamaza huko nitamshika nikirudi. Kama hutaki kurudi, nitapanda pikipiki nije Bugomora na mgongo wangu huu, nikae uani kwa baba yako mpaka anione kero. Lakini ukirudi, fanya kazi moja. Kata magome ya ile migomba yangu ya kando ya barabara, niliyokataza isiguswe. Usuke kamba nene. Uifunge toka mlango wa mbele, si wa nyuma. Ipite katikati ya uwanja, wageni wote wainame wakiingia, na atakayeuliza aambiwe.

Nisalimie baba yako na mguu wake, mama yako ambaye nilimnyima kahawa ya kutafuna, ya kumkaribisha mgeni, alipokuja kuniuliza kosa lako, katekista wetu, na jirani anayeniangalizia kibanja. Mwambie majani makavu yasikae kwenye mashina. Mdogo mbusu tumboni.

Ndani ya bahasha utakuta uzi wa sufu mwekundu. Usiutupe ukidhani ni uchafu. Nilimsimamisha Jeneroza sakafuni bila viatu, nikaupima toka chini hadi kwenye vidole vyake vya mkono. Kamba ifunge kimo hicho. Ile ya zamani ilikuwa chini, sasa angeinama.

Ni mimi mama mkwe wako,
Anastazia, mdogo wake Paskazia