Sijambo Si Jibu

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mezani kwako, kioo jichoni, ukimgombeza mtu aliyeoga na saa yake. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu. Kazi ya udadisi ni kutembea, na huku simu haishiki, kwa hiyo tuandikiane.

Uliniuliza tunafanya nini hasa. Tunataka kujua wazee wa wilaya nzima wanaishije. Hatuwezi kuwauliza wote, ndiyo maana tunachukua sampuli. Kila nyumba ina namba, namba zinapigiwa kura ofisini, na iliyotoka ndiyo hiyo. Sina ruhusa ya kuchagua mlango unaonipendeza, wala ulio karibu na kivuli. Jana nyumba niliyopangiwa ilikuwa imefungwa. Jirani akaniita: "Njoo ukae, binti. Niulize mimi, nitakujibu kwa niaba yao." Ana kiti kizuri, na chai ilikuwa inachemka. Nilitamani. Lakini msimamizi wetu hataki hata kusikia. Anasema jirani hawi mwenye nyumba. Unarudi, unabisha, unarudi tena, ndipo uandike kwamba hukumpata mtu.

Sasa kuna jambo. Wamenipa nafasi ya kuendelea na awamu ya pili, mbali zaidi, hadi mwisho wa Juni. Nikishasaini sitaruhusiwa kutoka katikati. Niambie kweli, hujambo? Ukiwa hujambo, nitasaini. Kama kuna lolote, narudi nyumbani.

Binti yako

15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo kabisa, hofu ni kwako na hiyo miguu. Fundi viatu, jirani yangu wa kibanda, anakusalimu na anasema uilete aitie soli.

Barua yako nimemsomea. Alicheka sana kusikia milango inapigiwa kura kama wabunge. Mimi imenifikirisha. Miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kuniletea saa inayokwenda. Ukinihoji mimi, nitakuapia kwamba duniani hakuna saa nzima hata moja. Kumbe nimekalia sampuli mbovu.

Saini, mama. Usiache kazi kwa ajili ya mzee mwenye bisibisi. Mimi nipo.

Baba yako

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Habari za kibandani? Nilisaini, na tumeshahamia huku mbali.

Nikueleze kilichonipata. Nilimhoji bibi mmoja aliyekuwa kitandani, amejifunika hadi kidevuni. Swali la kwanza kwenye dodoso letu lilikuwa la afya. Nikamuuliza, "Hujambo, bibi?" Akasema, "Sijambo, mjukuu wangu." Nikaandika kwamba ni mzima. Baadaye muuguzi wetu alipita kuhakiki baadhi ya nyumba zilezile, akafunua blanketi. Mguu wa bibi ulikuwa umeliwa na kidonda hadi mfupani.

Msimamizi hakunifokea. Alisema tu, "Ulimwamkia. Hukumuuliza." Dodoso likabadilishwa. Siku hizi hatumuulizi mtu kama ni mzima. Tunamuuliza nani alimchotea maji ya kuoga.

Nimezitoa barua zako zote, baba, nikazipanga kitandani. Kila moja inaanza na sijambo. Na herufi za hii ya mwisho ni kubwa kuliko zote, tena zinapanda mlima. Kwa hiyo nijibu haya. Chakula unapika mwenyewe? Kibandani unakwenda kwa miguu? Saa ya mwisho uliyoitengeneza ilikuwa ya nani? Vifungo vya shati unavifunga mwenyewe?

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, mheshimiwa mdadisi. Sijambo. Naona na mimi kura imeniangukia. Haya, shika kalamu. Chakula napika, na chumvi nazidisha vilevile. Kibandani nakwenda kwa miguu, maana mabawa sina. Herufi usizijali, miwani imechoka.

Fundi viatu anauliza kama wanaohojiwa wanapewa zawadi. Nimemwambia zawadi ni kuhojiwa tena.

Fanya kazi yako, mama. Ule vizuri.

Baba yako

14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimecheka, halafu nikasoma tena. Umejibu mawili, umeruka mawili.

Hapa tunakatazwa kuziba pengo kwa kukisia. Aliyenyamaza hafanani na aliyejibu. Mara nyingi kilichomnyamazisha ni kilekile tunachokitafuta. Sasa mimi nikuandike nini kwenye hayo mapengo yako?

Nimeomba ruhusa, nimenyimwa. Nikiondoka, nyumba zote za eneo langu zinafutwa, hata yule bibi. Lakini neno moja tu kutoka kwako na nitaondoka bila ruhusa.

Saa. Vifungo. Naomba, baba.

Binti yako

30 Mei

Mwanangu,

Saa ya mwisho ilikuwa ya mwalimu wa kwaya, kabla hujasaini. Skrubu ilinitoka, nikaitafuta sakafuni kwa magoti mpaka akanionea huruma. Akasema ataipeleka kwingine. Kwa hiyo sikuitengeneza. Andika hivyo.

Vifungo ananifunga fundi viatu. Siku hizi navaa fulana, tumepumzika wote wawili.

La kupika nilikudanganya. La kutembea lilikuwa kweli wakati ule. Ulianza mkono wa kulia, ukafuata mguu, sasa hata kumeza ni kazi. Barua hii nimeiandika kidogo kidogo, ndiyo maana imechelewa. Fundi alitaka kuniandikia, nikakataa. Ulisema jirani hawi mwenye nyumba.

Usinikasirikie. Uliniuliza hujambo. Mtu akiulizwa hujambo na mwanawe, aseme nini?

Ikiwezekana, njoo.

Baba yako

19 Juni

Baba,

Barua yako ilikwenda kambi tuliyohama, ikazunguka, ikanikuta kambi nyingine. Niliona haina salamu, nikajua kabla sijaisoma. Nilimwekea msimamizi madodoso yangu mezani. Alinitazama, akaniambia basi la kwanza linaondoka saa ngapi.

Mlango wako ulikuwa umefungwa. Nikabisha. Nikaenda kibandani, nikakuta meza yako imefunikwa turubai, nikarudi nikabisha tena. Wapangaji wenzako wakawa wananiangalia. Nikakaa kidogo kwenye ngazi, nikainuka, nikabisha mara ya tatu. Ndipo fundi viatu akaja, ufunguo wako mkononi, nami nikamwona anavyoutazama ule ufunguo badala ya kunitazama mimi.

"Tumemzika Jumatatu, mama," alisema. "Tulituma ujumbe ofisini kwenu. Wakasema mko ndani sana."

Akaniletea kiti chake. Akasema, "Kaa. Niulize mimi, nitakujibu kwa niaba yake."

Sikuwa na wa kumrudia, baba. Nikakaa, nikamuuliza. Amenijibu kila kitu: ulivyokuwa ukibishana na redio, ulivyokataa kulishwa kwa kijiko kidogo ukasema wewe si mtoto, ulivyoagiza kiti chako kigeuzwe kielekee mlangoni. Ni mtu mwema na amejibu vizuri. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Lakini maswali yangu yote yalikuwa ya kujibiwa na wewe.

Barua hii sijui naipeleka wapi. Nimelala chumbani kwako, na asubuhi nimekuja kukaa mezani kwako kuiandika. Bado kuna saa za watu ambao hawajazifuata, kila moja na kikaratasi chake, herufi zikizidi kuwa kubwa kutoka moja hadi nyingine. Nimezitazama moja moja. Hakuna hata moja inayokwenda.

Sasa hivi fundi viatu amefungua kibanda chake. Ameniona, ameinua mkono, akaniuliza, "Umeamkaje, mama? Hujambo?"

Nikamwambia sijambo.

Binti yako