Kumtafuta Uwesu kwa Simu

Newala, 3 Juni 1976

Mwanangu Sophia,

Salamu nyingi. Huku sisi wazima, ila magoti yangu na ubishi wao. Wewe je, na kikohozi chako?

Nimechoka, mwanangu. Mjomba wako Bakili anasema kaka yako Uwesu, aliyekwenda kutafuta kibarua, hajaleta habari tangu tuhamishiwe kijiji hiki kipya, basi kafa, na tukishavuna tumwekee matanga. Nimekataa. Nitamliaje mtu ambaye sijaona kaburi lake? Wewe uko Dar, huko hakukosi mwenye habari. Ulizia, nakuomba, kabla mavuno hayajaisha.

Mama yako,
Sabaha

Kariakoo, 20 Juni 1976

Mama yangu,

Shikamoo. Kikohozi kimepona, kimebaki uchovu. Nimezunguka ofisi mpaka bandarini, na kila karani ananiambia njoo kesho. Juzi nilirudi kazini, nikakaa mbele ya swichibodi nikalia. Mwenzangu Paskalina akanicheka: "We opereta mzima, unatafuta mtu kwa miguu?"

Kweli, mama. Sisi maopereta wa simu tunajuana nchi nzima kwa sauti tu. Saa ya chakula, laini zikitulia, tunapiga soga: nani kajifungua, sukari imefika mkoa gani. Sasa nimemtia Uwesu kwenye soga hiyo, na kila mmoja atawauliza watu wa kwake. Mwambie mjomba asubiri.

Mwanao,
Sophia

Kariakoo, 9 Julai 1976

Mama,

Shikamoo. Salamu fupi. Uwesu yuko hai!

Candida, opereta wa Morogoro, alimwuliza dereva anayebeba mkonge, naye akamjua: mpakiaji mmoja wa Kusini, mwenye pengo, haishi kuimba. Jana Candida akaomba aitwe kwenye simu ya ofisi ya shamba, akaniunganisha naye. Nikasema, "Kaka, mama anakulilia." Akasema, "Sophia, usinitanie na marehemu."

Mama, mwaka jana alikuja nyumbani. Alikuta kijiji chetu cha zamani kitupu, nyumba haina paa, na pembeni kaburi. Hakuna wa kumwuliza. Lilikuwa la bibi, tuliyemzika wiki ile ya kuhama, lakini roho ikamwambia ni lako. Wala hakujua kama mimi niko Dar. Akarudi shambani, na wenzake wakakuwekea matanga.

Nilipomwambia uko hai alilia, na Candida naye akalia kwenye laini. Mwezi ujao akipata ruhusa anakuja.

Mwanao,
Sophia

Newala, 27 Julai 1976

Mwanangu Sophia,

Marahaba. Mimi mzima, kuliko nilivyokuwa wiki iliyopita.

Barua yako imenikuta matanga yamekwisha. Mjomba wako hakusubiri. Nami nililia, mwanangu, nisikudanganye. Watu wakikulilia mtoto wako huwezi kukaa kimya. Sasa mjomba akipita anakwepa mlango wangu. Mwache, naye kachoka kama mimi, na wali wa watu umeshaliwa. Msalimie Candida. Simjui, lakini namwombea kila nikiswali.

Ukiongea tena na Uwesu, mtayarishe, asije akashtuka. Walininyoa nywele zote kwa msiba wake. Atanikuta na kipara. Mwambie asicheke mpaka kwanza nimemshika mkono.

Mama yenu,
Sabaha